Motere ya turbo imekufa: tuifungue, ao tununue ingine?

Baba mmoja wa Kolwezi alituletea ulizo, na tangu siku ile ulizo lile halijatutoka kichwani. Anafanya kazi ya poste katika kompani moja ya shaba na kobalti, juma moja usiku, juma moja mchana. Miaka mitatu imepita tangu achukue akiba yake yote, akaongeza mkopo kidogo kwa shemeji yake, akanunua Toyota Hilux Surf ya okazi, motere 1KZ, ya mazutu, yenye turbo. Motokari ile haikuwa ya kujionyesha mbele ya majirani. Saa yeye iko kazini, mtoto wa dada yake anaiendesha: anabeba unga, anabeba makala, anapeleka bamama soko, mara ingine anafika mpaka Likasi na Lubumbashi. Mshahara wa baba unalisha nyumba. Motokari njo inalipa minervali ya batoto, na mkubwa wao, binti, iko anangoja kuingia universite.

Ijumaa moja, katika njia ya kutoka Likasi, mshale wa joto ukapanda. Kijana aliuona. Akajisemea: nitafika tu. Mvuke ukatoka mbele, akasimama, akangoja kidogo, akatia maji ya mto ndani ya radiatere ingali moto, akawasha, akatembea tena kilometa kumi hivi. Motere ikagonga mara mbili tatu kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo, kisha ikanyamaza.

Fundi wa kwanza alimtajia baba yule dola 1,300 ya kuifungua na kuirudisha upya. Muuzaji mmoja wa motere za okazi pale Lubumbashi akamtajia dola 1,900 kwa motere nzima, "yenye kutoka Dubai, muzee, unaweka tu unaenda." Ndani ya nyumba mlikuwa dola 1,500, na zile zilikuwa za binti. "Sasa mimi nifanye nini?" akatuuliza. Hatukuwa na jibu. Tukaenda kuzunguka magaraji ya Kolwezi na Lubumbashi, tukakaa na mafundi, tukakaa pia na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika atelie ya makamyo ya mgodi na sasa anapumzika. Ni yeye aliyetufungua macho zaidi ya wote.

Mzee alianza na jambo ambalo kila mtu wa karieri anajua. Kamyo kubwa ya mgodi ikiharibika motere, hawaifungui palepale na kungoja miezi. Wanatoa motere yote, wanaweka ingine iliyotengenezwa tayari, na ile ya zamani inarudishwa kwenye kiwanda kutengenezwa upya. Wafaransa wanaita "échange standard". Caterpillar walianza kazi hiyo ya kutengeneza upya motere na piese tangu mwaka 1973, na leo ni biashara kubwa. Mgodi unachagua motere ya tayari sababu saa moja ya kamyo kusimama inakula makuta mengi kuliko tofauti ya bei. Tena motere ile imepimwa kwenye mashini kabla ya kutoka kiwandani, ina karatasi, ina garanti.

"Lakini," mzee akasema, "ile bei ya okazi ya ku barabara si ile kitu ya ku mine. Batu banachanganya. Motere ya Dubai, hakuna mutu aliifungua. Iko vile ilitoka mu motokari ya mutu. Usiite vile motere ya kutengenezwa."

Neno lile ni la kushika. Katika mji wetu tunasema "motere mupya" kwa kitu chochote kisichokuwa cha kwetu jana. Kumbe ziko za aina tatu. Iko ile ya kiwanda, mpya kabisa ao iliyorudishwa upya na kupimwa. Hiyo ni ghali na kwa motokari za zamani ni shida kuipata hapa. Iko ile ambayo fundi ameitengeneza yeye mwenyewe na anaiuza tayari. Thamani yake ni thamani ya mikono ya fundi yule. Na iko ya okazi, iliyotolewa mzima katika motokari iliyovunjwa, mara nyingi Japani, ikapita Sharjah ao Dubai, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa. Hii ya tatu njo inajaa katika maduka yetu. Haikosi kuwa nzuri: Wajapani wanaacha motokari mapema juu ya gharama za kuipitisha kwenye kontroli yao, na motere inaweza kuwa ingali na nguvu. Ila hakuna anayejua, hata muuzaji.

Kwa nini turbo inazidisha shida

Turbo ni kitu cha zamani. Mswisi Alfred Büchi alichukua patente yake mwaka 1905. Kazi yake ni rahisi kueleza. Moshi unaotoka katika motere unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu lile, kwa mti uleule wa chuma, linazungusha lingine upande wa pili, linalosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa nyingi, mazutu mengi, nguvu nyingi. Kwetu hapa inasaidia kuliko pengine: Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400, na hewa ya huko ina uzito mdogo kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Motere bila turbo inaisikia ile tofauti kwenye mlima.

Lakini mti ule mdogo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande wa moshi joto linapita digri 600. Kitu kinachouzuia usile chuma cha mwenzake ni mafuta ya motere peke yake, ngozi nyembamba ya mafuta. Mafuta yakiwa machafu, turbo inakufa. Ukizima motere ghafula baada ya kupanda mlima, mafuta yanaungua mule ndani na kugeuka makaa. Filtere ya hewa ikitoboka, vumbi la barabara linatafuna mapanga ya turbo kama msasa, kisha linaingia katika silinda. Na turbo ikivunjika, vipande vyake vinaweza kuingia katika motere, ao mafuta yakapita pale na motere ya mazutu ikaanza kuyanywa, ikakimbia yenyewe bila mtu kukanyaga. Wale walioona jambo lile wanasema ukitoa kleya haizimi.

Kwa hiyo ukitengeneza motere ya turbo hutengenezi kitu kimoja. Kuna motere, kuna turbo, kuna pompa na enjektere, kuna radiatere. Fundi anayekutajia bei ya motere peke yake amekutajia robo tatu ya bei.

Usichague kabla ya kufungua

Mafundi wazuri tulioonana nao walikubaliana kwa hili: makosa ya kwanza ni kuchagua ungali hujui nini imekufa. Baba wa Kolwezi alikuwa tayari kutafuta dola 400 za kuongeza kabla mtu yeyote hajatoa kulasi.

Kuna mambo yanayosomeka hata bila kufungua. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanasema maji yameingia. Maji ya radiatere yakichemka mapovu motere ingali baridi, moshi wa silinda umepata njia. Moshi mweupe unaonuka tamu ama kama mvuke ni maji. Wa buluu ni mafuta. Mweusi ni mazutu mengi ao hewa kidogo. Fundi mwenye vifaa atapima nguvu ya kila silinda, na hapo si namba yenyewe tu inayosema, ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Halafu mzee wetu alitufundisha jambo ambalo tulilipenda sana, sababu ni la watu wa shaba. Toa filtere ya mafuta, ikate, kunjua ile karatasi juani. Ukiona vumbi jeusi tu, sawa. Ukiona vipande vinavyong'aa kama fedha, kuna chuma kinachokula chuma. Ukiona rangi nyekundu ya shaba, basi kusineti zimekwisha. Kusineti ni vile vikombe vyembamba vinavyoshika vilebreke, ule mti mkubwa unaozunguka chini ya motere. Nje ni chuma, katikati mara nyingi kuna shaba iliyochanganywa, juu kuna ngozi laini ya rangi ya majivu. Shaba ikionekana, ngozi imekwisha. "Tunaitoa mu udongo," mzee akacheka, "kisha inatuonyesha makosa yetu mu motere."

Motere ya 1KZ, ile ya lita 3, ina bloku ya chuma kizito lakini kulasi yake ni ya aluminiamu. Joto likipita kiasi, aluminiamu inajipinda ao inapasuka, mara nyingi katikati ya valvu. Maji baridi juu ya kulasi ya moto ni kama maji baridi kwenye chungu kilichotoka motoni. Bamama wote wanajua hilo. Vijana wanaoendesha hawajui.

Kuifungua

Sema umeamua kuitengeneza. Kazi inaanza na kupima, na hapo njo utajua fundi ni wa namna gani. Silinda zinapimwa juu na chini na kwa pande mbili, sababu silinda iliyolika haiwi mviringo tena. Kama zimelika, zinapelekwa kwa mashini kupanuliwa, na unanunua pistoni kubwa kidogo, kwa kawaida nusu milimeta. Vilebreke nayo inapimwa. Ikikwaruzwa inasagwa, na kusineti za kuzidi zinawekwa. Kulasi inajaribiwa kwa hewa ndani ya maji ya moto, ufa unatoa mapovu. Kulasi iliyopasuka, watu wengine wanaichomea. Mafundi tuliouliza walitikisa kichwa: inashika miezi, kisha inapasuka pembeni ya pale palipochomewa. Kulasi mpya ni bei, lakini ni bei moja.

Hata jointi ya kulasi si kitu cha kununua kwa macho. Katika motere hizi za mazutu unene wake unachaguliwa kufuatana na namna pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Ukiweka nyembamba, pistoni inaweza kugusa valvu. Ukiweka nene, motere inakuwa mvivu asubuhi. Fundi anayesema "jointi iko jointi" mwache aendelee na motokari ya mtu mwingine.

Hasara ya njia hii tuliiona pia. Garaji nyingi zetu ziko chini ya mwembe, na vumbi la njia linashuka juu ya vilebreke iliyopakwa mafuta. Piese za bandia ziko kila mahali, kwenye sanduku lenye maandishi mazuri. Fundi mmoja alituonyesha pistoni nne za sanduku moja, akaziweka kwenye mizani moja baada ya ingine, na hakuna mbili zilizolingana. Na muda: fundi anasema juma mbili, zinakuwa juma sita, kwa sababu anangoja piese, ao kwa sababu anatengeneza ya mwingine na piese zako. Tuseme wazi, hii inatokea. Nunua piese wewe mwenyewe, zihesabu, zipige picha na telefone, na ya zamani udai zote zirudishwe. Hakuna fundi mwema atakayekasirika.

Uzuri wake ni huu: kisha kazi unajua kilicho ndani. Tena bloku na namba ni zilezile za karatasi zako, hakuna atakayekusumbua njiani.

Kununua ya tayari

Yule anayeishi kwa taxi, ambaye kila siku motokari ikisimama batoto wanakula kidogo, ana haki ya kufikiri kama mgodi. Motere ya okazi inawekwa kwa siku mbili tatu. Ila aende kuinunua na fundi wake, si na fundi wa muuzaji.

Fungua kifuniko cha mafuta: ndani kukiwa na uji mweusi kama lami, ile motere haikubadilishwa mafuta. Tazama matundu ya maji: kutu nyingi ni habari mbaya. Zungusha motere kwa mkono, lazima isikie uzito na kurudisha kila silinda. Shika mti wa turbo kwa vidole: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kucheza mbele na nyuma si kawaida, na mapanga yakigusa nyumba yake, turbo ile ni ya kutupa. Kama inaweza kuwashwa palepale, iwashwe, na ukae mpaka iwe moto. Wengi wanawasha dakika moja na kuzima. Ile dakika moja njo garanti yako yote, usipoandika ingine kwenye karatasi.

Jambo lingine linalowaangusha watu: 1KZ si moja. Iko ya pompa ya kawaida, na iko ile inayoitwa 1KZ-TE, ambayo pompa yake inaongozwa na kompiuta. Ukiletewa motere bila kompiuta yake na nyaya zake, utalazimika kutumia pompa na nyaya za motere yako ya zamani. Ile ya HiAce, inayokaa chini ya viti, karteri na mabomba yake hayalingani na ya Surf. Tulionana na kijana aliyenunua kwa haraka, akalipa mara ya pili kwa kubadilisha karteri. Na udai faktire yenye namba ya motere, pamoja na karatasi ya dwane. Namba ikiwa imesuguliwa, rudi nyumbani na makuta yako.

Kisha kuna hadithi tuliyoisikia katika garaji tatu, kila mara na mtu mwingine: amenunua motere nzuri, amelipa, ameweka, na kisha miezi mitatu imekufa sawa ya kwanza. Sababu ni radiatere. Motere haikufa kwa uzee, iliuawa na radiatere iliyojaa chokaa na kutu, juu ya miaka ya kutia maji ya kisima bila dawa yake. Muuaji akabaki ndani ya nyumba, akaua na wa pili. Mafuta ni vilevile: bomba linalopeleka mafuta kwa turbo likiwa limezibwa na makaa, turbo mpya haitamaliza juma. Bomba lile ni bei ya sanduku la bia, na ni watu wachache wanaolibadilisha.

Baba wa Kolwezi alifanya nini

Alilipa fundi wa pili, si yule wa kwanza, atoe kulasi na karteri, apime, asifanye kingine. Kulasi ilikuwa na ufa mahali pawili. Silinda zilikuwa bado nzuri, unaona hata mistari ya kiwanda. Vilebreke nzuri. Kusineti mbili zilianza kuonyesha shaba, na kugonga kule kulitoka hapo. Turbo haikuwa na kosa.

Kwa hiyo hakununua motere, na hakutengeneza motere nzima. Alinunua kulasi mpya, seti ya jointi, segmenti, kusineti zote, bomba la mafuta la turbo na radiatere. Yote pamoja na mikono ya fundi ilifika dola 1,150. Kama silinda zingekuwa zimelika na vilebreke imekwaruzwa, hesabu ingepita ile ya Dubai, na sisi tungemwambia: nenda Lubumbashi na fundi wako. Binti ameanza universite na sehemu ya makuta; ingine baba analipa kidogo kidogo, na hatusemi kwamba ni rahisi.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi alizuia mazutu na kuzungusha motere na demarere mpaka taa ya mafuta ikazima, ili turbo isianze kavu. Kilometa 1,000 za kwanza hakuna mzigo, hakuna mbio, na mafuta yalimwagwa mapema. Kijana alinung'unika, baba hakumsikiliza. Akaongeza pia saa ya pili ya joto, kubwa, mbele ya macho ya dereva, yenye kengele.

Juma lililopita motokari ile ilisimama mbele ya soko, imebeba mifuko ya unga na bamama watatu. Kijana hakuzima. Alikaa na kuhesabu dakika mbili, motere inapumua polepole. Mama mmoja nyuma akachoka.

"Weye mutoto, tunashuka ao hatushuke? Unangoya nini?"

"Nangoya turbo, mama."

"Turbo njo nani? Mwambie afike haraka, unga inaniumiza magoti."